Mboga za kila siku, maua ya Jumamosi

Vihiga, magharibi mwa Kenya, hatuna ardhi ya kuchezea. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 katika kaunti yetu, zaidi ya elfu moja kwa kila kilomita mraba, na wengi wao ni watu wa vijijini, si wa mji. Mzee akigawia wanawe shamba, kila mmoja anapata kipande ambacho akisimama katikati yake anaweza kusalimiana na majirani wa pande zote bila kupaza sauti. Kipande chetu, mimi na mume wangu, ni robo tatu ya ekari, na humo mna nyumba, jiko, zizi la ng'ombe mmoja na makaburi ya wazee. Kinachobaki ndicho tunacholima: mboga za kienyeji upande mmoja, maua ya kukata upande mwingine, na mara nyingi vyote viwili kwenye tuta moja.

Vijana wa huku huniuliza kama shamba la ukubwa huu linaweza kulisha nyumba na kulipa karo. Wengi huja wakiwa wameshaambiwa la kupanda. Mmoja kaambiwa parachichi, mwingine kaonyeshwa kwenye simu banda la plastiki na waridi za kwenda Ulaya. Jibu langu halijabadilika. Linaweza, ila mambo yake mengi yawe karibu: mbolea itoke karibu, mbegu itoke karibu, na mnunuzi awe mtu unayeweza kumfikia asubuhi na kurudi kupika chakula cha mchana. Kila kinachotoka mbali au kwenda mbali kina mtu katikati, na huyo hula kabla yako.

Nianze na udongo, kwa sababu bila huo mengine yote ni hadithi. Udongo wetu wa Maragoli umelimwa vizazi na vizazi. Una tindikali, fosforasi yake ni haba, na ukiuacha wazi kwenye mteremko, mvua ya Aprili inaupeleka mtoni. Mume wangu alichimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro, hata misimu ikipita mteremko unajikata wenyewe kuwa ngazi. Kwenye kingo tulipanda nepia ya ng'ombe. Mpakani tukaacha alizeti pori, yaani tithonia, lile ua la manjano lililojaa kando ya barabara kutoka Majengo hadi Luanda, miji midogo ya hapa kwetu.

Tithonia asili yake ni Mexico, lakini huku imekuwa mwenyeji kiasi kwamba watu hawaioni tena. Wanaifyeka na kuitupa njiani. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Maseno na vijiji vya jirani walipima majani yake wakakuta yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi, kuliko samadi nyingi zinazotoka kwenye mazizi yetu, na kwamba yanaoza upesi. Nilipoelezwa hivyo katika mafunzo ya wakulima, nilitazama ule wigo wa mpaka wetu kwa jicho lingine.

Ninavyoitumia ni hivi. Nakata matawi yakiwa bado laini, kabla ua halijafunguka, maana shina likikomaa linakuwa kuni na haliozi msimu huo. Nayakatakata kwa panga juu ya tuta lenyewe ili utomvu usipotee, natandaza, kisha nafukia kwa foki jembe. Baada ya wiki hivi nafukua kidogo kwa mkono. Majani yakiwa yamegeuka meusi na yanateleza, na harufu ile chungu ya ubichi imekwisha, miche inaweza kuingia. Yakiwa bado ya kijani nasubiri, kwa sababu kinachoendelea kuoza kina joto na kinaweza kuunguza mizizi michanga. Matawi mengine naloweka kwenye pipa lenye kifuniko kwa wiki mbili, maji yake nayazimua na kuwapa managu, yaani mnavu, zikianza kuchoka baada ya kuchumwa mara kadhaa.

Lazima niseme pia tithonia isichoweza, kwa kuwa watu huisifu kupita kiasi. Haiumbi fosforasi. Inachukua ile iliyomo mpakani na kuihamishia kwenye tuta, na ukiukata wigo huohuo miaka mingi bila kuurudishia kitu, mpaka nao unachoka. Kwa hiyo vipo vitu viwili ambavyo nakubali vitoke mbali kidogo: mawe ya fosfeti ya Minjingu kutoka Tanzania, yaliyosagwa, na chokaa ya Koru, kule upande wa Muhoroni, ya kupunguza tindikali. Vyote viwili havitiwi kila msimu. Majivu ya jikoni yanasaidia pia, lakini mama mkwe wangu anayataka majivu ya maganda ya maharagwe kwa ajili ya munyu, yale maji ya majivu ya kupikia mrenda, na katika hilo sishindani naye.

Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipanda hadi ukapita shilingi 6,000. Niliona majirani wakipanda mahindi mikono mitupu, au wakinunua mbolea kwa kopo kama sukari. Serikali baadaye ilileta ya ruzuku, kwanza kwa shilingi 3,500, kisha 2,500, na wengi walipumua. Lakini msimu ule ulinionyesha kwamba mkulima ambaye rutuba yake yote inakuja kwenye mfuko hajui mwaka ujao atalima au hatalima.

Sasa mboga. Tunalima managu, saga (mgagani), mrenda, kunde na mitoo, ambayo nayo ni ya jamii ya kunde. Nilipokuwa msichana hizi zilikuwa mboga za kuaibikia, mgeni akija unatafuta kabeji. Leo hoteli za Kisumu zinaziandika kwenye menyu. Anayestahili shukrani kubwa ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, ambaye alizichunguza mboga hizi kwa miaka mingi, akiwa Chuo Kikuu cha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT), hadi mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukamtunuku tuzo ya sayansi. Kazi yake ilithibitisha kwa vipimo kile ambacho mama zetu walikipika bila vipimo: kwamba majani haya yana madini na protini, na kwamba yanakua haraka kwenye mvua na udongo wetu huu.

Faida yake kwa shamba dogo ni kwamba pesa hairudi mwisho wa msimu tu. Saga huanza kuchumwa wiki ya nne au ya tano tangu kupandwa. Siri yake ni kuondoa vikonyo vya maua kila vinapochomoza. Ikishafaulu kutoa maua na vitumba vya mbegu, inajiona imemaliza kazi na majani yanakuwa madogo na machungu. Ukiikatalia maua, inaendelea kutoa matawi ya kando. Watoto hufanya kazi hiyo jioni kabla ya kuoga, na mkono wa mtoto ni mwepesi kuliko wangu.

Mama mkwe ndiye benki yetu ya mbegu. Anakamua matunda ya managu yaliyoiva kwenye bakuli, anayaacha yachache siku mbili, anaosha na kuanika kivulini. Saga yeye huacha mashina mawili au matatu yaliyo bora kabisa, anayafunga utepe wa kitambaa chekundu, na ole wake atakayeyachuma. Mwaka nilioolewa nilitaka kupanda mbegu za saga zilizotoka tu kuvunwa. Akanishika mkono: "Mwanangu, hiyo bado imelala. Iache ikae, panda ile ya msimu uliopita." Baadaye nilisikia mtaalamu akieleza jambo lilelile, kwamba mbegu mpya ya saga haioti vizuri mpaka ikae ghalani miezi kadhaa. Wapo wakulima wengi wanaoilaumu mbegu, mvua au jirani mwenye jicho baya, kumbe mbegu haijaamka.

Mitoo tunaila, na mizizi yake inaachia udongo naitrojeni, kwa hiyo hufuata mahali palipotoka managu. Managu kamwe haifuati nyanya wala viazi, maana ni ukoo mmoja na ugonjwa wa mnyauko unahamia. Sukuma wiki na kabeji nazo nazihesabu kama ndugu. Mzunguko wa mazao kwenye kipande kidogo unahitaji kumbukumbu. Mume wangu ana daftari la shule lenye picha ya kila tuta na kilichokaa humo.

Hapa maua yanaingia, na hayakuingia kwa ajili ya pesa kwanza. Tulikuwa na minyoo ya mizizi, ile inayofanya mizizi ya nyanya iwe na vinundu. Tulishauriwa kupanda marigoldi kwenye tuta lote, ikiwa imebanana, na kuiacha miezi miwili mitatu. Tukafanya hivyo. Mama mmoja wa kanisani alipita akaona tuta zima la rangi ya chungwa, akauliza bei, kwa kuwa binti yake alikuwa anaolewa. Siku hiyo nilijua kwamba tuta linalopumzika linaweza pia kulipa.

Kisha tukajua kuhusu saga na waridi. Watafiti waliopanda saga kando ya waridi walikuta utitiri mwekundu umepungua. Harufu ya saga haiupendezi. Tuna mstari mmoja wa waridi karibu na lango, na katikati yake sasa tunasia saga kila msimu. Sinyunyizi dawa ya dukani kwenye waridi hizo. Siwezi kunyunyiza sumu mita mbili kutoka kwenye mboga ambayo mtu ataila kesho.

Ua linalotulipa zaidi ni gladiola. Hupandwa kwa vitunguu vyake, na kwa hali ya hewa yetu linakuwa tayari kwa miezi mitatu hivi, wakati mwingine pungufu. Tunapanda mistari michache kila baada ya wiki mbili ili yasifunguke yote siku moja. Tunakata alfajiri, wakati ua la chini kabisa kwenye shina limeanza kuonyesha rangi lakini halijafunguka. Yaliyo juu yatafunguka moja baada ya jingine ndani ya chombo, na mnunuzi anafurahia wiki nzima. Unapokata acha majani angalau manne kwenye mmea. Ukikata hadi chini umeuza na ua la mwaka ujao, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayonenepesha kitunguu kipya kule ardhini, na pembeni yake vitoto vingi ambavyo baada ya misimu miwili vitatoa maua vyenyewe.

Na usilaze gladiola. Likilazwa kwenye kreti, ncha yake inajikunja kutafuta juu, na ikishajikunja hainyooki tena. Dereva wetu wa bodaboda amejifunza kusafiri na ndoo mbili zilizofungwa wima nyuma, maji robo ndoo, na mashuka ya zamani yamefunikwa juu kuzuia upepo. Anatembea polepole kwenye mawe ya kwetu na namlipa zaidi kwa sababu hiyo.

Zinia nayo ina kipimo chake. Shika shina chini kidogo ya ua, litikise. Kichwa kikilegea na kuyumba, ukilikata litainama kabla ya kufika mjini. Likisimama imara, kata. Kipimo hiki kinachukua nukta moja na kinaokoa sifa yako kwa mteja.

Adui mkubwa wa gladiola huku ni fuko. Anakula vitunguu vyake kwa mpangilio, mstari mzima, na wewe juu unaona tu mimea inaanguka mmoja mmoja. Tumepanda vichaka vya utupa kwenye kona za shamba kama wazee walivyofanya, na nadhani unapunguza. Lakini ninayemwamini kweli ni mzee wa jirani anayetega kwa kamba na fito inayopinda. Analipwa kwa kila fuko anayemwonyesha, na ni pesa ambayo siilalamikii.

Soko la maua yetu ni makanisa, harusi na mazishi, kati ya hapa na Kisumu. Sijui kwa nini hatulitajagi soko hili tunapozungumzia kilimo cha maua, kana kwamba ua la Kenya lazima lipande ndege. Ua la kwenda nje linahitaji chumba cha baridi tangu shambani, ukaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, gari la baridi hadi uwanja wa ndege. Mashamba makubwa ya maua ya Naivasha yanavyo. Mimi nina kivuli cha mparachichi na maji ya chemchemi. Wakati huohuo, karibu kila Ijumaa na Jumamosi kuna mazishi au harusi, na watu wananunua maua ya plastiki kwa sababu hawajui nani ana maua halisi. Simu hulia Jumatano au Alhamisi. Wanataka mashada meupe ya gladiola na maua ya kala yanayomea kwenye unyevu karibu na chemchemi, na majani ya kangaga kuzunguka. Msiba wa jirani sitozi. Natoa mkono wa pole kwa maua, na hivyo ndivyo wengi wamejua tunayo.

Machi 2020, korona ilipoingia, tuliuona mpaka wa soko hili. Naivasha walitupa maua kwa kuwa Ulaya imefunga, na kwetu mikusanyiko ikapigwa marufuku, mazishi yakawekewa watu 15. Gladiola zilifunguka zote shambani na hapakuwa na wa kuzibeba. Mboga ziliendelea. Mama mboga wa Luanda aliendelea kuja alfajiri akiwa na barakoa, anahesabu mafungu, anatuma M-Pesa, anaondoka. Kama tungekuwa tumegeuza robo tatu yote kuwa maua kama tulivyoshauriwa na watu wenye nia njema, sijui tungekula nini mwaka ule. Tangu hapo tumekubaliana nyumbani kwamba maua hayavuki theluthi moja ya matuta, hata Desemba ikiwa na harusi nyingi namna gani.

Hali inageuka Januari na Februari. Mvua imekata, harusi zimepungua, na managu iliyokuwa shilingi kumi fungu Mei inauzwa mara mbili au tatu ya bei hiyo katika soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili. Matuta yetu ya chini, karibu na chemchemi, yanawekewa matandazo mazito ya nyasi kavu kuanzia Novemba kwa ajili ya miezi hiyo miwili tu. Maji tunachota kwa mitungi jioni. Ni kazi ngumu, nasema wazi, na mgongo unaijua. Lakini mapato ya miezi hiyo ndiyo yanayolipa karo ya muhula wa kwanza, na hakuna kingine shambani kinacholipa vizuri hivyo kwa eneo dogo hivyo.

Kuhusu wanunuzi wa mjini, hoteli moja ilichukua maua yetu kwa miezi kadhaa ikiahidi kulipa mwisho wa mwezi, na mwisho huo ukawa unasogea kila tukiupigia simu. Mwishowe tulilipwa sehemu. Ua likishakatwa huwezi kulirudisha shinani wala kuliweka ghalani kama mahindi, kwa hiyo anayekuchelewesha amekushika pabaya. Siku hizi nusu ya bei inaingia kwenye simu kabla kisu hakijagusa shina, na nusu nyingine ndoo zinapokabidhiwa. Wateja wazuri hawajawahi kukasirikia utaratibu huu. Mama mboga, kwa upande wake, hajawahi kunidai kitu wala mimi kumdai.

Mwaka huu tumeanza jambo na wanawake wengine wa kijiji, wenye vipande vidogo kuliko changu. Harusi moja kubwa inaweza kutaka mashina mia mbili, na hakuna mmoja wetu anayeweza kuyatoa peke yake. Kwa hiyo tumegawana rangi na wiki. Mmoja anapanda nyeupe wiki ya kwanza ya mwezi, mwingine nyekundu wiki ya tatu, mimi natoa vitoto vya gladiola kutoka kwenye akiba yangu na wao wananirudishia idadi ileile baada ya mavuno. Simu ya oda inapokelewa na mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi dukani, anayejua kuandika risiti. Kabla mtu hajaingia kwenye mpango tunaenda kuangalia mambo mawili kwake: kama ana mboga za kula nyumbani, na kama mpakani kwake kuna tithonia. Wawili hawakuwa nayo, tukawapelekea vipande vya shina, urefu wa mkono hivi, wakavichomeka ardhini mvua za Agosti zilipoanza.